Maji ya Pampu Yako Yanaanzia Msitu wa Mau

 Leo naanza na mkasa wangu mwenyewe, na sijivunii.

Kiangazi cha mwaka 2019, kijana mmoja wa Buswahili, wilayani Butiama, aliniita nikamsaidie kupanga shamba la vitunguu. Mtaji wake ulikuwa wa kawaida kama wa wengi wenu: pampu moja ya petroli, mpira wa mita hamsini, na ekari moja na robo aliyokodi kwa mzee mmoja wa pale. Shamba lilikuwa na sehemu mbili. Ya juu ilikuwa na udongo mzuri, ila mbali na maji. Ya chini ilikuwa kando kabisa ya Mto Mara, udongo mweusi, matete yamesimama mpaka ukingoni.

Akaniuliza, "Bwana shamba, tuanzie wapi?"

Nikautazama ule mpira wake, nikapiga hesabu ya petroli, nikamwambia, "Anza chini. Fyeka matete yote, panda mpaka ukingoni. Kila mita unayousogelea mto ni hela unaokoa."

Alinisikiliza. Akafyeka, akachoma, akapandikiza miche. Oktoba vitunguu vilikuwa vinapendeza hadi wapita njia wanasimama kuangalia.

Mnakumbuka vuli ya mwaka ule. Mvua ilinyesha kama imesahau kukata. Vitunguu vikiwa vimebakiza wiki tatu hivi kuvunwa, mto ulipanda usiku mmoja na kulala juu ya shamba. Maji yalishuka baada ya siku kadhaa, lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa ukingo wenyewe. Pale tulipofyeka matete, mto ulikata na kuondoka na kipande cha shamba. Kwa jirani yake, ambaye hakufyeka kwa uvivu tu, ukingo ulibaki vilevile.

Nilikwenda kumpa pole kijana, na mzee mwenye ardhi alikuwepo. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mto huu unatoka wapi?"

"Kenya, mzee."

"Kenya wapi?"

Nikanyamaza.

"Basi," akasema, "umemfundisha huyu kuchota kwenye kisima ambacho hata mwenyewe hujui kimechimbwa wapi."

Nilisomea kilimo, lakini swali lile lilinishinda. Makala hii ni jibu lake. Nawaandikia ninyi mnaolima kibiashara kwa sababu pesa zenu nyingi zinatoka kwenye maji ya kiangazi, na maji hayo yana historia mnayopaswa kuijua.

MTO UNAPOANZIA

Mto Mara unaanzia Kenya, kwenye milima ya Mau, karibu mita 2,900 juu ya usawa wa bahari. Chanzo chake ni bwawa la milimani liitwalo Enapuiyapui. Maji ya milima hiyo yanashuka kupitia mito miwili, Amala na Nyangores, inayokutana na kuwa Mara. Kisha mto unapita Maasai Mara, unaingia Serengeti pale nyumbu wanapovukia, unatoka hifadhini, unatanuka kuwa bwawa kubwa la mafunjo, unapita chini ya daraja la Kirumi na kumwaga Ziwa Victoria, si mbali na Musoma. Safari nzima ni kilomita 395 hivi, na mto unashuka kama mita 1,800 kutoka juu hadi ziwani.

Sasa sikiliza jambo linalomhusu mwenye pampu. Katika matawi makubwa ya Mara upande wa Kenya, Amala na Nyangores ndiyo yanayotiririka mwaka mzima. Matawi mengine, kama Talek na Sand River, hupungua sana au kukauka mvua zikikata. Maana yake ni kwamba Agosti au Septemba, wakati nyanya na vitunguu vina bei na wewe unawasha pampu kila siku, sehemu kubwa ya maji unayovuta yametoka kwenye msitu wa mlimani ambao pengine hujawahi kuuona.

NILIVYOUONA MSITU

Baadaye nilipata nafasi ya kwenda. Tulipita Sirari, Kisii, Sotik mpaka Bomet, tukapanda kuelekea Olenguruone. Ukitoka kwetu na joto letu la ziwani, huko juu unavaa sweta mchana.

Mau ni msitu wa milimani mkubwa kuliko yote ya aina yake Kenya. Ukichukua vipande vyake vyote ni takriban hekta 400,000, na Wakenya wanauita mmoja wa minara yao mitano ya maji, pamoja na Mlima Kenya, Aberdare, Cherangani na Mlima Elgon. Mito inayotoka humo haiji Ziwa Victoria tu. Mingine inakwenda Ziwa Nakuru, na mingine inashuka mpaka Ziwa Natron, ambalo nalo lipo kwetu Tanzania.

Ndani kuna podo, mierezi na mizeituni pori, na mti ule ambao magome yake hutengenezewa dawa ya tezi dume. Ukizidi kupanda unakuta mianzi imeshikana mpaka mwanga unapungua. Mbega wanaruka juu ya vichwa, na bongo, mnyama mwenye mistari myeupe, ni wa misitu hiyo, ingawa wenyeji wanakwambia kumwona ni bahati. Mizinga ya magogo imetundikwa juu ya miti. Hiyo ni kazi ya Waogiek, watu walioishi humo kwa asali na uwindaji tangu zamani.

Lakini mimi ni bwana shamba, nikainama kuangalia udongo. Chini kulikuwa na majani makavu, chini yake majani yaliyooza nusu, chini yake udongo mweusi uliochambuka kama machicha ya nazi. Nilichukua fimbo nikaichomeka, ikazama bila kuilazimisha.

Nilikuwa nimebeba kopo la maziwa ya unga nililolitoboa juu na chini. Nikalididimiza ardhini kama vidole vitatu, nikamimina nusu lita ya maji. Kabla sijafunga kizibo cha chupa, maji yalikuwa yameshakwenda. Tukatoka nje ya msitu, hatua chache tu, kwenye shamba la mahindi linalolimwa miaka yote na kukanyagwa na ng'ombe baada ya mavuno. Nikarudia vilevile. Tulipiga stori, tukapigana picha, maji bado yalikuwa yamesimama kwenye kopo yakitutazama.

Hapo ndipo nilipoelewa.

MSITU UNAFANYA KAZI GANI HASA

Wengi tumekariri kwamba "miti inaleta mvua", tukaishia hapo. Tuifafanue kikulima.

Tone la mvua likianguka kwenye msitu, linagonga jani kwanza. Nguvu yake inapungua. Linashuka taratibu kwenye takataka za majani, zinalishika kama sifongo. Chini yake mizizi, minyoo na wadudu wametoboa vijia maelfu, maji yanazama. Yakishazama, yanatembea polepole chini ya ardhi, wiki na miezi, yanatokeza kama chemchemi, yanaingia kijito, na kijito kinaingia mtoni.

Tone lilelile likianguka kwenye udongo mtupu, linaupiga, linauziba, linateremka. Ndani ya muda mfupi lipo mtoni, limebeba na udongo.

Niwe mkweli, miti nayo inakunywa maji. Ukikata msitu, jumla ya maji yanayoingia mtoni kwa mwaka inaweza hata kuongezeka. Tatizo linakuwa ni lini yanaingia. Yanakuja yote kwa pamoja wakati wa mvua, wakati wewe huyahitaji na unayaogopa. Kiangazi yakihitajika, hayapo.

Kwa hiyo maji ya kiangazi ni mvua ya miezi iliyopita iliyocheleweshwa na udongo wa msitu. Huko kuchelewa ndiko kunakokupa bei nzuri sokoni, maana wasio na maji msimu huo hawana cha kuuza. Mkulima wa kiangazi anauza ucheleweshaji wa maji, hata kama yeye anadhani anauza nyanya.

MSITU ULIPOPUNGUA

Mwaka 2001 serikali ya Kenya ya wakati ule iliondoa zaidi ya hekta 60,000 za Mau kwenye hifadhi ili zigawiwe watu. Pamoja na uvamizi na ukataji, jopo lililoundwa na ofisi ya waziri mkuu wa Kenya liliripoti mwaka 2009 kwamba karibu robo ya msitu ilikuwa imepotea katika kipindi kisichofika miaka ishirini.

Baadaye walianza kuwaondoa watu, na hilo nalo likaleta machozi. Waogiek walikwenda mahakamani, na kesi ikafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo hapa kwetu Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo iliamua kwamba haki za Waogiek zimevunjwa, na haikukubali hoja kwamba wao ndio waliouharibu msitu. Nimelitaja kwa sababu mara nyingi tukisema "tulinde msitu" tunamaanisha "tumfukuze fulani". Watu walioishi na msitu vizuri wanaweza kuwa walinzi wake wa kwanza.

Kuna jambo jingine nililolipenda kama mtu wa kilimo. Pembezoni mwa msitu sehemu nyingi kuna mkanda wa chai wa serikali, mradi wa Nyayo ulioanzishwa mwaka 1986. Chai inakaa katikati ya msitu na mashamba ya watu kama ua. Inafunika udongo mwaka mzima, inachumwa, inalipa, na inaonyesha mpaka uko wapi. Uhifadhi na biashara vimekaa mstari mmoja.

YANAYOTUFIKIA SISI

Udongo unaotoka milimani na kwenye mashamba ya njiani hausimami Sirari kuulizwa pasipoti. Unashuka na kutua kwenye bwawa la Mara, kwenye mafunjo ya Butiama, Musoma, Rorya na Tarime. Mafunjo yanachuja, yanashika tope, na maji yanafika ziwani yakiwa na nafuu. Kamongo na kambale tunaowala wanazaliana humo. Ndiyo maana ukichoma mafunjo kiangazi ili upate pa kulima, unakuwa umechoma chujio lako mwenyewe.

Mtakumbuka pia Machi 2022, maji ya Mara upande wetu yalipobadilika rangi, samaki wakafa na watu wakazuiwa kuyatumia kwa muda. Kamati ya serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea, na wapo wananchi waliohoji majibu hayo. Sirudii mabishano yale. Ninachosema ni kwamba siku ile hata mwenye pampu mpya hakuwa na maji.

Lakini tusimbebeshe Mau kila kitu. Mvua ya mwisho wa 2019 ilikuwa kubwa kupita kiasi Afrika Mashariki nzima, na mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda mpaka kuvuka rekodi ya mwaka 1964. Mvua ya namna hiyo msitu peke yake hauizuii. Vitunguu vya yule kijana pengine vingeondoka hata Mau ingekuwa nzima. Ukingo wa shamba, hapana. Ule ukingo ulikwenda kwa sababu ya ushauri wangu.

Tena tunayo misitu yetu ya milimani, midogo ila ya kwetu. Pale Butiama kuna Muhunda, msitu ambao Wazanaki wameuheshimu vizazi na vizazi kama makazi ya mzimu wa jina hilo. Wazee hawakuwa na mashine za kupima maji, ila walijua pa kuweka mwiko. Upande wa Bunda kuna Mlima Chamuriho. Kila gunia la mkaa linaloshuka kutoka vilima vyetu kwenda mjini lina maji yetu ndani yake. Huwezi kumlaumu mtu wa Bomet huku umekaa juu ya gunia hilo.

UFANYE NINI MSIMU HUU

Mau hutakwenda kuipanda miti kesho. Ila shamba lako unaweza kulifanya lifanane kidogo na msitu. Haya ndiyo ninayowaambia vijana sasa.

1. Acha mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya eneo hilo. Najua inauma. Ukiwa na uso wa mita 100 mtoni, mita 60 ni karibu ekari moja na nusu. Kwa hiyo kabla ya kukodi, pima kwanza uone kinachobaki, ndipo ujadili bei. Usilipe kodi ya ardhi ambayo sheria haikuruhusu kuilima na mto unaweza kuibeba.

2. Acha matete na miti ya asili ukingoni. Mikuyu na mizambarau inashika udongo vizuri. Mikaratusi usiipeleke karibu na chanzo cha maji, inakunywa sana. Ukitaka mkanda huo ukuingizie kitu, fikiria mizinga ya nyuki, ila kwanza uliza ofisi ya mazingira ya halmashauri yako.

3. Peleka maji juu, usishushe shamba chini. Mpira wa nyongeza unanunua mara moja. Shamba likibebwa na mto hulinunui tena. Ukiweza, weka tangi juu na umwagilie kwa matone, utavuta maji kidogo kwa kazi ileile na petroli itapungua.

4. Kama shamba lina mteremko, chimba makinga maji kukata mteremko, panda majani ya tembo juu ya tuta. Utapata na chakula cha ng'ombe.

5. Funika udongo. Matandazo ya nyasi kavu au mabua kwenye nyanya na hoho yanafanya kazi ya yale majani ya Mau. Usichome mabaki ya mazao. Weka samadi iliyooza vizuri.

6. Kata kibali. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayechota maji ya mto kwa kilimo cha biashara awe na kibali, na kwetu kinatolewa na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Maji yakipungua, asiye na kibali ndiye wa kwanza kuambiwa azime pampu. Ukiwa ndani ya Jumuiya ya Watumia Maji, angalau mnapangiana zamu.

7. Nenda Siku ya Mara. Tangu 2012 Kenya na Tanzania huiadhimisha kila tarehe 15 Septemba, kwa zamu baina ya nchi mbili. Wengi wanadhani ni sherehe ya wakubwa na hotuba. Ni pale unapoweza kukutana na mkulima wa Bomet na kumwambia ana kwa ana kwamba makinga maji yake yanamwagilia shamba lako.

MWISHO WA MKASA

Yule kijana hakuacha kilimo, na nashukuru hakuacha kunisalimia. Alihamia sehemu ya juu, akanunua mpira mwingine kwa kuuza mbuzi wawili. Matete ya chini yamerudi, hayajafika kimo cha zamani lakini yameshika. Ile ardhi iliyokatwa haijarudi na haitarudi.

Mzee nilimrudia pia. Nikamwambia, "Mzee, mto unatoka Enapuiyapui."

Akacheka. "Hata kulitaja ni kazi. Kunafananaje?"

Nikamweleza baridi, mianzi, na lile kopo la maziwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia nikalilete kopo, akataka tupime shambani kwake. Tulipima sehemu tatu. Palipochelewa kuliko pote ni pale ambapo mimi na kijana tuliwahi kuchoma matete. Mzee hakusema kitu. Alinirudishia kopo langu tu.

Kabla ya mvua za vuli, kila mmoja wenu atafute kopo, alitoboe juu na chini, apime shamba lake: chini ya mti, katikati ya matuta, na njia ya ng'ombe. Andika dakika. Pale maji yanapokawia kuzama ndipo pa kuanzia na samadi na matandazo. Halafu pima tena mwakani, palepale.

Tukutane shambani.